Matairi ya pikapu: usidanganywe na kashata, soma ubavuni



Msimu wa korosho ukianza kunukia, kila mwenye pikapu huku Lisekese anaamka na wazo moja: matairi. Gari lililolala kivulini miezi kadhaa linafutwa vumbi, fundi anaitwa, halafu mwenye gari anashika njia kwenda mjini na pesa isiyotosha, akitafuta matairi manne. Hapo ndo balaa linapoanzia, na ndo maana nimeamua kuiandika hii.

Mwaka 2022 mjomba wangu alifanya hivyo hivyo. Ana Hilux ya kebini moja, ya zamani, rimu namba 14. Akakuta matairi mapya kabisa, bado yana vile vinyweleo vya kiwandani, bei chini kuliko alivyotegemea. Muuzaji akamwambia, "Mzee, ni 14 hii hii, inaingia." Na kweli iliingia. Wiki ya tatu, deiwaka wake akishuka kutoka uwanda wa Makonde na magunia ya korosho, tairi la nyuma kushoto likapasuka kwenye mteremko. Gari likalala ubavu. Kijana wa kupakia aliyekuwa amekaa juu ya mzigo akavunjika mfupa wa bega. Korosho zikamwagika, watu wakasaidia kuzoa, na nyingine wakazisaidia kupotea, mnaelewa.

Tulipokuja kusoma ubavu wa lile tairi, maandishi yalikuwa 195/70R14 91T. Hilo ni tairi la gari dogo, la kubeba watu wanne na mabegi yao. Lilikuwa jipya, zima, wala halikuwa feki. Ila halikuwa la kazi ile. Tairi ambalo pikapu ile ilitakiwa kuvaa ni 195R14C. Ukiyatazama haraka haraka unaona 195 na 14, unasema si ndo lenyewe? Sio.

Tuanze na herufi C. Hiyo inayokaa mwishoni baada ya namba ya rimu inamaanisha tairi la gari la biashara, yaani lina mwili mgumu wa kubeba mzigo. Mengine huandikwa LT. Kisha utaona 8PR, ndo ile mafundi wanayoiita plai nane. Zamani ilikuwa hesabu ya matabaka ya nyuzi ndani ya tairi. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu, tairi la plai nane linaweza kuwa na matabaka mawili ya nyuzi imara, kwa hiyo usibishane na fundi kuhusu kuyahesabu.

Halafu kuna namba ambayo watu wengi hawaiangalii kabisa, na hiyo ndo yenyewe. Kwenye 195R14C ya plai nane utakuta 106/104. Sio kilo, ni msimbo wa uzito. 106 ni kilo 950 kwa tairi moja. Ile ya pili, 104, ni kilo 900 na inahusu magari yanayofungwa matairi mawili mawili nyuma, kwa hiyo mwenye pikapu ya kawaida anasoma ya kwanza. Na 91 iliyokuwa kwenye tairi la mjomba? Kilo 615. Nyingine za kukariri: 98 ni kilo 750, 110 ni kilo 1,060, 112 ni kilo 1,120. Ziandike kwenye simu, uende nazo dukani.

Sasa piga hesabu ya mzigo. Hilux ya kebini moja ikiwa tupu, ekseli ya nyuma inabeba kama kilo 600 za gari lenyewe. Pakia magunia 12 ya kilo 80, hiyo ni kilo 960, na karibu uzito wote wa bodi unaangukia nyuma. Umeshafika kama kilo 1,500. Matairi mawili ya 91 yanabeba 1,230 tu. Mawili ya 106 yanabeba 1,900. Mjomba hakuzidisha mzigo kuliko siku zote, alipunguza matairi.

Na msidhani ni korosho peke yake. Huko juu uwandani maji ni ya shida tangu enzi na enzi, pikapu nyingi zinapandisha maji. Simtanki ya lita 1,000 ikijaa ni tani moja kamili, bado hujaweka tenki lenyewe wala pampu. Tena maji yanacheza kwenye kona. Mtu anayebeba maji kila siku anahitaji matairi ya maana kuliko mtu wa korosho, kwa sababu yeye hana msimu.

Kuna dalili nyingine ambayo ingemshtua mjomba mapema. Lile tairi la 195/70R14 ni fupi, kipenyo chake kimepungua karibu sentimita nne kulinganisha na 195R14C. Gari linakaa chini, na mita ya kilomita inazidisha kwa karibu asilimia 6. Safari ya kilomita 100 unasomewa 106. Deiwaka alishawahi kusema gari "linalia sana barabarani", tukamwambia anakanyaga mafuta vibaya. Tulimkosea.

Wenye kirikuu nao wasijione wako salama kwa sababu gari ni dogo. Rimu ya 12 ina mtego ule ule. 145/80R12 ya gari dogo huandikwa 74, yaani kilo 375. Ile ya mzigo ni 145R12 yenye 6PR, na siku hizi nyingi huandikwa 145/80R12 80/78N, kilo 450 kwa tairi. Tofauti ya kilo 75 kila tairi, kwenye gari la tani kasoro, ni kubwa.

Ukishapata namba ya uzito, tafuta umri. Ubavuni kuna neno DOT na mfuatano wa herufi, mwishoni kuna namba nne ndani ya duara refu. 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta namba tatu tu, kimbia: hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Wakati mwingine namba hizo zipo upande mmoja tu wa tairi, na muuzaji mjanja ataugeuzia ukutani. Mwambie aligeuze. Watengenezaji wakubwa kama Michelin wanashauri tairi likifikisha miaka mitano ya matumizi likaguliwe kila mwaka, na likifikisha miaka kumi tangu kutengenezwa liondolewe hata kama kashata bado nzima. Mpira unakufa hata ukikaa stoo, na kwenye jua kama la Masasi unakufa haraka zaidi.

Hii inatuleta kwenye mtumba, maana najua ndo mnaosubiri. Sitawaambia msinunue, mimi mwenyewe nimenunua. Ila mtumba ununue mchana, sio saa moja jioni chini ya taa. Litoe kwenye rimu kama limefungwa, uingize mkono ndani upapase: kiraka kikubwa ubavuni, nyuzi zilizochomoza, au mstari mweusi wa unga wa mpira unaozunguka ndani. Ule unga maana yake tairi lilishatembezwa likiwa halina upepo, ubavu umesagika, achana nalo. Nje, likunje kwa nguvu uone kama kuna nyufa ndogo ndogo kwenye mizizi ya kashata. Nundu ubavuni hata kama ni ndogo kama punje ya karanga, acha. Likiwa linang'aa sana jeusi ti kama kiatu cha shule, jiulize limepakwa nini na kwa nini.

Halafu kuna mtumba wa Japani wenye kashata nene nzuri, iliyokatwa katwa mistari midogo midogo kama imechanwa na wembe. Vijana wanayagombania. Soma ubavuni kama imeandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji, mpira wake umefanywa laini ili ushike barafu. Kwenye lami ya Masasi kwenda Mtwara saa nane mchana, kilomita zaidi ya 190, mpira ule unalika kama ufutio. Ni kashata ya miezi michache.

La kuchongwa sina la kuongeza ila hili: anayechonga kipara haongezi mpira, anapunguza uliobaki. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo, ubavuni utaona alama TWI ikivielekezea. Kashata ikilingana na vile vinundu, imebaki milimita 1.6, kazi imekwisha. Kama mifereji ni mirefu lakini vinundu hamna, ujue kisu kimepita.

Wazee hawaachi kusema "zamani kulikuwa na General Tyre, unanunua umefumba macho." Ni kweli kiwanda kile cha Arusha kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini mwishoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulishasimama. Hata jirani zetu Kenya, kiwanda cha matairi ya Yana pale Nairobi kilifungwa 2016. Ndo maana madukani sasa umejaa majina usiyoyajua, mengi ya China. Jina geni sio dhambi. Kuna matairi ya China yanafanya kazi safi kabisa, na jina kubwa la 2012 ni bovu kuliko jina dogo la mwaka jana. Rudi kwenye namba.

Pesa sasa. Laki tatu haitoshi matairi manne mapya ya C, tusidanganyane. Ila chukulia mfano huu, weka bei za kwenu: mtumba wa elfu 80 ukikaa miezi minne, unakula elfu 20 kwa mwezi. Jipya la laki mbili na elfu 20 likikaa mwaka na nusu, ni kama elfu 12. Masikini ndo ananunua ghali, hiyo tunaijua toka kwenye sukari ya kupimiwa. Kama pesa ni ya mawili, nunua mawili mapya ya C uyafunge NYUMA, na yale mazuri zaidi kati ya ya zamani yaende mbele, mradi nayo ni ya saizi na uzito unaotakiwa. Usichanganye saizi kwenye ekseli moja. Na kama gari ni foo wili, yote manne yawe saizi moja, la sivyo siku ukiivuta ile giya kwenye lami utanunua na giaboksi.

Kashata za matope zile kubwa kubwa zinapendeza kwa picha. Kwa kazi ya hapa, lami ya Mtwara na mchanga wa uwandani, zinapiga kelele, zinakula mafuta na zinaisha upesi. Chukua za mchanganyiko. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi, kilomita 210, imekuwa ikiwekwa lami vipande vipande, walianza na Mtwara hadi Mnivata kilomita 50, kwa hiyo safari moja unakutana na kila kitu.

Upepo nao. Zile kilo 950 za 195R14C zinapatikana tairi likiwa na upepo wake wote, paundi 65. Ukiweka 35 kwa sababu fundi amezoea magari madogo, umenunua C bure, ubavu unajikunja, unachemka, unapasuka. Likiwa tupu shusha, fuata karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kwenye magari ya Japani mara nyingi imeandikwa kPa: 240 ni kama paundi 35. Pima asubuhi kabla hujatembea. Na jamani, kuingiza tyubu kwenye tairi la tyubulesi ni kuficha ugonjwa. Kama rimu imepinda, inyooshwe.

Sasa nije kwa nyie vijana mnaoendesha magari ya watu, maana nyie ndo mnaokufa. Bosi anataka hesabu kila jioni, na ukimwambia tairi limekwisha anakujibu "si bado linaviringika?" Trafiki akikukamata na kipara unaandikiwa wewe. Nilichoona kinasaidia ni kupiga picha ya ubavu, ile 91 ionekane vizuri, umtumie bosi pamoja na idadi ya magunia anayotaka upakie. Maneno anayakataa, hesabu inamsumbua. Mjomba leo anavaa 106 gari zima, na yule kijana wa bega amerudi kazini, ila anakaa kebini.

Wadau wa Newala, Tandahimba na Nanyumbu, 195R14C ya mwaka huu au mwaka jana huko kwenu mnaipata kwa bei gani? Wekeni na namba ya DOT, sio bei tupu.