Umri wa Kuanza Shule na Darasa Linalomngoja Mtoto

Vyeti vya kuzaliwa vilipokuwa bado adimu, shule nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa na kipimo kimoja cha kuandikisha watoto wa darasa la kwanza. Mtoto alitakiwa apitishe mkono juu ya utosi na kushika sikio la upande wa pili. Aliyelifikia aliandikishwa, asiyelifikia alirudi nyumbani kungoja mwaka mwingine. Kipimo hiki sasa huchekwa, ingawa waliokitumia walikuwa wametambua jambo ambalo sera za leo hulisahau kwa urahisi: watoto waliozaliwa mwaka mmoja hawakomai kwa mwendo mmoja. Dosari yake ni kwamba kilipima mwili tu, na mtoto aliyedumaa kwa kukosa lishe angeweza kukataliwa ilhali umri wake ulikwisha timia. Nafasi ya mkono imechukuliwa na tarakimu, na mabishano yamebaki kuwa iwe sita au saba. Makala hii inadai kwamba tarakimu hiyo ina uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa. Mtoto wa miaka sita anaweza kuanza shule bila kuumia. Kinachomuumiza ni darasa lililoandaliwa kwa ajili ya mtoto mwingine, mkubwa kuliko yeye, anayeielewa tayari lugha ya mwalimu na anayeweza kutulia kipindi kizima.

Nchini Tanzania umri huo umepanda na kushuka kwa sababu zisizomhusu sana mtoto. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alipendekeza watoto waanze shule wakiwa na miaka saba au minane badala ya mitano au sita. Wengi hawangepata nafasi ya sekondari, kwa hiyo ilifaa wamalize msingi wakiwa wamekomaa kiasi cha kushiriki kazi za kijijini. Aliongeza kwamba mtoto mkubwa hujifunza upesi zaidi, lakini uzito wa hoja ulikuwa kwenye umri wa kumaliza. Sheria ya Elimu ya 1978 ikaifanya miaka saba kuwa mwanzo wa elimu ya lazima. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imegeuza hesabu: elimu ya lazima ni miaka kumi, msingi ni miaka sita, na mtoto aanze darasa la kwanza akiwa na miaka sita baada ya mwaka mmoja wa awali. Zanzibar ilikuwa imekwisha kushusha umri kwa sera yake ya 2006, na Kenya huanza gredi ya kwanza katika umri huohuo. Mwaka 1967 na mwaka 2023 vilevile, mwisho wa elimu ndio uliopanga mwanzo wake. Hilo si kosa, maana serikali ina wajibu wa kupanga safari nzima, ila lisichukuliwe kuwa ushahidi juu ya ukuaji wa mtoto.

Ushahidi wenyewe una mtego. Mtoto aliyechelewa kuanza huwa pia mkubwa siku ya mtihani, na akiwashinda wenzake hatujui kama kilichomfaa ni kuchelewa au ni ule mwaka wa ziada wa maisha. Mwaka 2006 Bedard na Dhuey walilinganisha matokeo ya nchi nyingi zilizoendelea, wakaonyesha kwamba watoto wadogo kuliko wenzao darasani huachwa nyuma katika darasa la nne, na pengo hupungua bila kufutika katika darasa la nane. Wengi waliupokea utafiti huo kama hoja ya kuchelewesha watoto. Lakini katika kila darasa lazima awepo aliye mdogo kuliko wote. Umri wa kuanza ukisogezwa hadi saba au nane, yeye atabaki palepale mkiani. Utafiti wa Black, Devereux na Salvanes nchini Norway, uliochapishwa 2011, uliukwepa mtego huo kwa kutumia vipimo vya akili ambavyo vijana wa kiume hufanyiwa jeshini wakiwa na umri wa karibu miaka 18. Umri wa siku ya kipimo ulikuwa na athari kubwa. Umri wa kuanza shule ulikuwa na athari ndogo mno, na hiyo ndogo haikuwapendelea waliochelewa. Kwa upande mwingine, Dee na Sievertsen waliona nchini Denmark kwamba watoto walioanza mwaka mmoja baadaye walikuwa watulivu na makini zaidi wakiwa na miaka saba, na tofauti hiyo ilidumu hadi kumi na mmoja. Tafiti hizi mbili hazipingani. Kuchelewa hakuongezi akili, ila mwaka wa ziada katika mazingira ya kucheza na kulelewa vizuri humsaidia mtoto kujitawala. Denmark ina chekechea za namna hiyo kila mahali. Faida ya kungoja, basi, hutegemea mtoto anangojea wapi.

Hapo ndipo hoja ya Ufini, inayopendwa sana katika makongamano yetu, inapolegea. Ni kweli watoto wa Ufini huanza darasa la kwanza wakiwa na miaka saba na baadaye husoma vizuri. Lakini tangu 2015 mwaka wa awali, wa umri wa miaka sita, ni wa lazima kwao, tena chini ya walimu waliosomea kazi hiyo. Mtoto wa Ufini wa miaka sita yumo katika mfumo wa elimu kama alivyo wa Tanzania. Tofauti ni anachofanyishwa humo. Anayesema tuige saba ya Ufini na aseme pia atayatoa wapi yale yanayoitangulia.

Tuliangalie sasa darasa letu. Mwongozo wa Tanzania unataka mwalimu mmoja wa awali awe na watoto 25. Baada ya elimu bila malipo kuanza 2016 na uandikishaji kufurika, shule nyingi za umma zilikuwa na watoto zaidi ya mia moja kwa kila mwalimu wa awali mwenye sifa. Katika umati huo mchezo hauwezekani. Kinachowezekana ni kuimba irabu kwa pamoja na kunakili ubaoni. Katika mikoa kama Simiyu au Geita mtoto hufika akizungumza Kisukuma, na mwaka wa awali ndio pekee alionao wa kuzoea Kiswahili kabla ya kuanza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kuna pia suala la lishe: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Glewwe na Jacoby walikwisha kuonyesha mwaka 1995, kwa takwimu za Ghana, kwamba udumavu huwafanya wazazi wacheleweshe kuandikisha watoto. Wazazi hao wanajua wanachokiona. Tatizo ni kwamba kungoja nyumbani hakumrudishii mtoto lishe aliyoikosa, na kwa msichana anayevunja ungo akiwa bado darasa la tano, mwaka uliopotea mwanzoni hulipwa mwishoni, mara nyingi kwa kuacha shule. Ndiyo sababu sioni haja ya kurudi saba.

Wengine watasema mwaka mmoja wa awali ni mchache mno kubadili lolote katika nchi maskini. Chekechea za madrasa zilizoanzia Mombasa katika miaka ya 1980 zinawajibu. Zilitumia vifaa vya kuokoteza kama vifuu, mbegu na vizibo, na walimu walitoka katika jamii zilezile. Mwaura, Sylva na Malmberg walipozichunguza Kenya, Uganda na Zanzibar, waligundua kwamba watoto waliopita chekechea yoyote waliwazidi waliobaki nyumbani katika ukuaji wa kiakili, na wa madrasa wakawazidi hata wale wa chekechea nyingine. Fedha nyingi haikuwa siri yao. Walimu walifundishwa kazi na kufuatiliwa. Kinyume chake ni zile shule za kulipia zinazompa mtoto wa miaka minne usaili wa kusoma Kiingereza. Hizo zimechukua mzigo wa darasa la pili na kumtwika mtoto wa chekechea, na wazazi huzilipa wakiamini ni maendeleo.

Sita ibaki, basi, kwa masharti. Darasa la kwanza na la pili yafundishwe kama mwendelezo wa awali, bila mitihani ya kuwapanga watoto kwa namba, kwa kuwa namba hizo kwa sehemu kubwa hupima nani alizaliwa Januari na nani Desemba. Shule yenye mikondo miwili igawe watoto kwa umri kabla ya kuwagawa kwa kitu kingine chochote. Walimu wakuu nao waache mazoea ya kuwaweka walimu wao bora darasa la saba, kwa ajili ya mtihani wa taifa, na kumwachia darasa la awali mwalimu wa kujitolea. Halmashauri isiyoweza kumpa darasa la awali mwalimu aliyesomea kazi hiyo haijawa tayari kupokea mtoto wa miaka sita, na hata wa miaka saba itampokea vibaya.