Hekalu la Somnath, Bwana wa Mwezi

Katika pwani ya Kathiawar, jimbo la Gujarat huko Bara Hindi, pana hekalu la mawe lisimamalo ukingoni kabisa mwa bahari. Jina lake ni Somnath, maana yake Bwana wa Mwezi, nalo ni la mungu Shiva. Wahindu huhesabu mahali 12 ambapo Shiva alijidhihirisha kwa nguzo ya nuru, na katika hesabu hiyo Somnath hutajwa kwanza.

Hadithi yake ya kale ni hii. Mzee mmoja mtukufu, Daksha, aliwaoza binti zake 27 kwa mume mmoja, naye ni Mwezi. Binti hao ndio vituo vya nyota ambavyo mwezi huvipitia, usiku mmoja kwa kila kituo. Lakini Mwezi alimpenda Rohini peke yake, akawaacha wenzake wakisononeka. Wakamshitaki kwa baba yao. Daksha akamwonya mkwewe, naye asisikie. Ndipo akamlaani, Mwezi akaanza kukonda na kufifia siku hata siku. Akatubu, lakini laana ikisha kutoka kinywani hairudi. Basi akaenda Prabhasa, mahali mto uingiapo baharini, akaoga, akasimamisha jiwe la kumwabudu Shiva. Shiva akampunguzia adhabu: nusu ya mwezi akonde, nusu anenepe. Tena husimuliwa kwamba hekalu la kwanza Mwezi alilijenga kwa dhahabu, Ravana akalijenga kwa fedha, Krishna kwa mti, na mwishowe mfalme Bhimdev kwa mawe.

Wasomaji wetu wa pwani hawatashangaa kwamba mwezi na bahari vimefungwa pamoja hivi, maana hakuna mvuvi asiyejua bamvua na maji mafu. Mwanachuoni Al-Biruni, aliyeandika kitabu chake juu ya Bara Hindi yapata mwaka 1030, alilieleza jambo hili vizuri. Asema kwamba mwezi ulipochomoza na ulipotua, maji yalijaa yakalifunika jiwe lile. Mwezi ulipofika utosini, na ulipofika upande wa pili chini ya nchi, yalikupwa likaonekana tena. Kwa hiyo watu wakasema kwamba Mwezi ni mtumishi wa jiwe, hulioga kila siku. Kila siku pia lililetewa mtungi wa maji ya mto Ganges na kikapu cha maua ya Kashmir. Tukitazama ramani na kupima mwendo wa nchi hizo mbili hata Kathiawar, twaona jinsi heshima yake ilivyokuwa kubwa.

Al-Biruni aongeza neno ambalo latugusa sisi. Somnath, asema, ilipata sifa kwa sababu ilikuwa bandari ya wasafiri wa bahari, kituo cha waendao na kurudi kati ya Sufala ya nchi ya Zenj na China. Basi kabla ya miaka 1,000 kutimia tangu leo, vyombo vya pwani hii na mahujaji wa Shiva vilikutana mahali pamoja.

Mali iliyokusanyika huko ndiyo iliyomleta Mahmud wa Ghazni katika majira ya baridi ya 1025 na 1026. Alilivunja hekalu, akalivunja na jiwe, na kipande chake kimoja kikawekwa mlangoni pa msikiti wa Ghazni watu wapanguse miguu. Hayo yaliandikwa na watu wa zama zile. Lakini waliofuata hawakuridhika nayo. Mmoja akaandika kwamba sanamu ilielea hewani kwa nguvu ya sumaku. Mwingine, baada ya karne nyingi, kwamba ilikuwa na uwazi tumboni, na ilipopasuliwa vito vikamwagika. Jiwe lile la ibada ni jiwe tupu, halina tumbo wala uso. Twaona kwamba kuvunjwa kwa Somnath nako kumekuwa hadithi, na hadithi hii imeumiza watu kuliko ile ya Mwezi.

Mwaka 1169, hekalu lilipojengwa upya chini ya mfalme Kumarapala, maandishi ya jiwe yalitaja uchakavu na uzembe wa maafisa. Jina la Mahmud halimo. Tena liko jiwe la mwaka 1264, lenye maandishi ya Kisanskriti na ya Kiarabu. Lasema kwamba Nuruddin Firuz wa Hormuz, nakhuda, yaani neno letu lile lile nahodha, alipata kiwanja huko Somnath akajenga msikiti. Wakuu wa mji walimsaidia, na kuhani mkuu wa Shiva alikuwa pamoja nao. Msikiti uliwekewa wakfu wa maduka na shinikizo la mafuta, na masalio ya mapato yapelekwe Makka na Madina. Katika Kisanskriti chake Mungu wa Waislamu aitwa Vishvanatha, Bwana wa ulimwengu, na hilo ni jina la Shiva pia.

Mwaka 1299 majeshi ya Delhi yalilivunja hekalu tena. Mwaka 1783 malkia Ahilyabai Holkar akajenga jingine karibu, akaliweka jiwe la ibada katika chumba cha chini ya ardhi. Mwaka 1842 Lord Ellenborough, mtawala wa Kiingereza, aliamuru milango ya kaburi la Mahmud iletwe kutoka Ghazni, akitangaza kwamba ni milango ya Somnath na kwamba aibu ya miaka 800 imelipizwa. Wachunguzi walipoitazama waliona mti wake na nakshi zake si vya Gujarat kamwe. Ikabaki ngomeni Agra.

Hekalu la leo lilianza kujengwa baada ya uhuru wa Uhindi, na tarehe 11 Mei 1951 rais Rajendra Prasad aliliweka jiwe jipya mahali pake. Waziri Mkuu Nehru hakupendezwa kuona serikali ikijiingiza. Na mwaka 1990 msafara wa siasa uliokwenda Ayodhya, ambako msikiti ulibomolewa mwaka 1992, ulianzia mlangoni pa Somnath.

Ibada yaendelea. Mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na jioni, taa huzungushwa mbele ya jiwe kwa ngoma na kengele. Jiwe huogeshwa kwa maji na maziwa, likavikwa majani ya mbilva. Katika mwezi mpevu wa Kartik watu hujaa pwani, na wengine huteremka mpaka mtoni kuoga, pale mto uingiapo baharini.