Anwani Namba 3

Jioni moja ya Novemba, mzee mwenye nyumba ninayopanga aligonga mlango wangu akiwa amekumbatia boksi lililochakaa pembeni. Ndani, juu ya kitambaa, kililala kichwa cha treni ya mvuke cha Fleischmann, mfano wa kipimo cha 1:87. Alikinunua mwaka 1974 kwa mshahara wake wa kwanza. Wiki iliyotangulia alikipeleka kwa mjukuu wake, wakakiweka kwenye reli za mtoto, na badala ya kutembea kikalia kama nyuki ndani ya chupa.

"Babu, hicho ni cha zamani," mtoto alimwambia. "Hakisikii."

Mikono ya mzee hutetemeka siku hizi. Mimi nimekuja hapa Giessen, Ujerumani, kusomea shahada ya uzamili ya historia, lakini kulehemu nilijifunza Morogoro, kwenye kibanda cha mjomba wangu cha kutengeneza redio. Mzee alikuwa anajua hilo, ndiyo maana akaja.

Mtoto alisema kweli kuliko alivyodhani. Katika mfumo wa zamani, kichwa cha treni hakihitaji kusikia chochote. Unazungusha swichi, volti zinapanda kutoka 0 hadi kama 12, mota inazunguka. Ukigeuza chanya na hasi, treni inarudi nyuma. Umeme wenyewe ndio amri, nao umo relini, kwa hiyo vichwa vyote vilivyo kwenye reli hiyo huondoka pamoja na kusimama pamoja. Aliyetaka kuendesha treni mbili, kila moja kwa mwendo wake, ilimbidi agawe reli vipande vipande, kila kipande na swichi yake, kisha akimbizane na swichi hizo jioni nzima.

Watu walihangaika na tatizo hilo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1963 General Electric ya Marekani ilitoa Astrac, mfumo wa kuongoza vichwa 5. Mwaka 1979 Hornby ya Uingereza ikaleta Zero 1, iliyofikisha vichwa 16. Katikati ya miaka ya 1980 Märklin, ya Ujerumani, ikatoa mfumo wake wa kidijitali. Kila mfumo ulikuwa na lugha yake, na vifaa vya huyu havikuelewana na vya yule. Mwishoni mwa miaka hiyo kampuni ya Lenz ikabuni mfumo ambao NMRA, chama cha Wamarekani wapenda reli ndogo kilichoanzishwa mwaka 1935, iliuchukua kuwa msingi wa kanuni za pamoja. Kanuni hizo zilipitishwa mwaka 1994 na kuchapishwa, kiwanda chochote kikaweza kuzifuata. Ndiyo DCC ya leo. Lenz ni kampuni ya hapahapa Giessen, na mimi nilikuwa nimekaa mwaka mzima katika mji huu bila kulijua hilo.

Katika DCC umeme kamili umo relini muda wote, hata treni zikiwa zimesimama. Amri husafiri ndani ya umeme huohuo, kwa chanya na hasi kubadilishana maelfu ya mara kwa sekunde. Kila wimbi lina nusu mbili: zikidumu mikrosekunde 58 kila moja, hiyo ni 1, zikidumu 100 au zaidi, ni 0. Ndani ya kila kichwa hukaa dikoda, kibao kidogo chenye anwani yake. Dikoda zote husikia kila amri, lakini hutii ile tu iliyoitwa.

Kwenye vichwa vingi vya kisasa, kufunga dikoda ni kuchomeka plagi tu. Cha mzee ni cha kabla ya hayo. Kaboni moja ya mota imeungana na bodi ya chuma, na bodi imeungana na reli. Dikoda lazima ikae katikati ya reli na mota. Ikibaki njia nyingine ya umeme, inaungua. Ilinibidi nikate kitu ambacho mafundi wa Nürnberg walikiunga karibu miaka 50 iliyopita.

Hapo nikasita. Darasani tunafundishwa kuheshimu kitu cha kale kama kilivyotufikia. Nikamshauri akiweke kabatini, nyuma ya kioo, amnunulie mjukuu kingine.

"Kabatini nimemweka mke wangu, kwenye picha," alisema. "Hiki nataka kitembee."

Jumamosi nilikata. Nikarudisha skrubu, nikaunga nyaya: nyekundu na nyeusi kwenye reli, ya chungwa na ya kijivu kwenye mota. Sikupima, kwa haraka ya kwenda kumwonyesha. Harufu ilitangulia moshi. Skrubu moja niliyoirudisha ilikuwa imeunganisha tena nilichokikata. Usiku ule sikuwa na ujasiri wa kushuka ngazi.

Asubuhi nilimweleza. Aliuliza jambo moja tu, kama mota ni nzima. Ilikuwa nzima. Nikanunua dikoda nyingine kwa hela yangu, nikaweka skrubu ya plastiki, nikagusisha testa kwenye kaboni na bodi, kisha kwenye kaboni na kila gurudumu. Kimya. Ndipo nikalehemu.

Dikoda mpya hutoka kiwandani na anwani 3. Nilitaka kuibadilisha, lakini mjukuu akasema kwenye reli zake 3 haina mwenyewe. Alibonyeza. Vichwa vyake vyote vikabaki vimesimama, cha babu kikaondoka peke yake, polepole, kikipita kituo cha plastiki. Mzee alikifuata kwa macho mizunguko yote, mikono mfukoni.

Kipande cha shaba nilichokikata sikukitupa. Nilikitia kwenye bahasha pamoja na skrubu ya zamani na dikoda iliyoungua, nikaandika juu yake tarehe, nilichokikata na kwa nini. Bahasha imo chini ya kitambaa, ndani ya boksi lilelile. Siku moja mtu akitaka kukirudisha kilivyokuwa, atajua aanzie wapi.