Tamali za maharagwe: Chakula cha kale cha Mexico na siri ya chokaa

TAMALI ni unga wa mahindi uliokandwa, ukatiwa kitoweo ndani, ukafungwa kwa maganda ya mahindi au majani ya mgomba na kupikwa kwa mvuke. Jina hilo limetokana na tamalli, neno la Kinahuatl, lugha ya Waazteki.

Wageni nchini Mexico husifu zaidi tamali za nyama, ilhali zile za maharagwe ni za kale sana. Mtawa wa Kihispania, Bernardino de Sahagún, alizitaja katika maandishi yake ya karne ya 16 kuhusu maisha ya Waazteki. Mafuta ya nguruwe, ambayo leo hulainisha unga huo (na kuunenepesha mlo kuliko inavyohitajika), yalikuja na Wahispania. Huko Oaxaca, maharagwe hayo hutiwa majani ya mparachichi ili yanukie. Tamali za kila aina huliwa hasa Februari 2, sikukuu ya Candelaria. Aliyekuta kisanamu cha mtoto ndani ya mkate wa Januari 6 ndiye huwalisha wenzake.

Kilishe, maharagwe na mahindi hufidiana. Mahindi yana upungufu wa laisini, kijenzi cha protini kinachopatikana kwa wingi katika maharagwe. Nayo maharagwe hupungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Mla githeri hahitaji kuelezwa zaidi.

Asichokijua mla githeri ni chokaa. Kabla ya kusaga, wapishi wa Mexico huchemsha mahindi katika maji yenye chokaa, wakayaacha usiku kucha, kisha wakayaosha. Chokaa huongeza kalsiamu na kuifungua niasini, vitamini ambayo imejifunga katika punje kiasi kwamba mwili hauwezi kuitumia.

Mahindi yalipovuka bahari, maarifa hayo yaliachwa nyuma. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal alikumbana na maradhi ya pelagra, yatokanayo na uhaba wa niasini, miongoni mwa maskini wa kaskazini mwa Uhispania. Mwanzoni mwa karne ya 20 yaliwaua maelfu kusini mwa Marekani. Barani Afrika, yalizuka mwaka 1990 miongoni mwa wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, baada ya mgao wao wa njugu kukatizwa wakabaki kutegemea mahindi.