Uandishi wa Maelezo ya Zana za Programu kwa Mawakala wa Akili Unde

Wakala wa akili unde ni programu inayopewa lengo, kisha kuchagua zana na kuzitumia bila kuongozwa hatua kwa hatua. Kwa kawaida wakala haoni msimbo ulio ndani ya zana. Husoma jina, maelezo na orodha ya vigezo. Ndivyo ilivyo katika itifaki ya Model Context Protocol, iliyotolewa na kampuni ya Anthropic ya Marekani Novemba 2024, ambayo vigezo vyake huainishwa kwa JSON Schema.

Hivyo neno moja lenye utata huweza kuleta hasara. Kigezo "tarehe" kisichotajiwa mpangilio huacha 03/04/2025 isomeke kuwa Aprili 3 au Machi 4. Mtumishi mzoefu angeuliza. Wakala aghalabu hukisia na kuendelea. Maelezo yataje pia kipimo, iwe shilingi au senti, mazingira ambamo zana haifai kutumika, na iwapo tendo lake, mathalani kufuta kumbukumbu, haliwezi kutenguliwa.

Ujumbe wa hitilafu nao, ingawa husahaulika, ni sehemu ya maelezo. "Ombi batili" haumsaidii wakala. "Tarehe iandikwe mwaka-mwezi-siku" humwezesha kusahihisha na kujaribu tena.