Motokaa Moja, Wenyewe Wengi: Historia ya Miura Nambari 3781

Vitu vilivyoundwa kwa mikono ya watu vina historia kama watu wenyewe, ila havina ulimi wa kuisimulia. Nyumba huongezwa vyumba, jahazi hubadilishwa mbao, kitabu hunakiliwa na waandishi mbalimbali. Na kila mwenye mali huacha alama yake. Basi atokeapo mtu wa kukirudisha kitu cha namna hiyo katika hali yake ya kale, hapana budi ajiulize: hali ipi? Swali hili ni la mwanahistoria kabla halijawa la fundi. Makusudi ya insha hii ni kulitazama katika mfano mmoja, nao ni motokaa ya Kiitalia, Lamborghini Miura yenye fremu nambari 3781, iliyofufuliwa na kiwanda kilichoizaa na kuonyeshwa upya mwaka 2018.

Tuanze na asili yake. Ferruccio Lamborghini alikuwa mtengenezaji wa matrekta aliyeanzisha kiwanda cha motokaa mwaka 1963 katika Sant'Agata Bolognese, mji mdogo wa Italia ya kaskazini. Wahandisi wake vijana, Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani, pamoja na Bob Wallace, dereva wa majaribio kutoka New Zealand, walibuni gari ambalo injini yake ya silinda 12, yenye ujazo wa sentimita 3,929, haikukaa mbele kama ilivyokuwa desturi. Ilikingamishwa nyuma ya kiti cha dereva, mbele ya magurudumu ya nyuma. Fremu tupu ilionyeshwa Turin mwaka 1965. Na mwezi wa Machi 1966 gari kamili, lenye umbo lililochorwa na Marcello Gandini wa karakana ya Bertone, likaonekana Geneva. Likapewa jina la Miura, ukoo wa Hispania mashuhuri kwa kufuga mafahali wa mapigano. Kiwanda kilipoacha kuyaunda, mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalikuwa yametoka magari 763 tu.

Nambari 3781 ilikuwa miongoni mwa hayo. Ilizaliwa mwaka 1968 ikiwa ya rangi ya kijani na ndani nyeusi, ikawekwa katika maonyesho ya Turin ya mwaka huo, kisha ikakabidhiwa muuzaji. Kutoka hapo ilibadilisha mikono mara nane ndani ya Italia kwa muda wa miaka sita hivi. Wenyewe wanane kwa miaka sita! Yaelekea ilikuwa mali ya kutamaniwa na kila aliyeiona na ya kumchosha kila aliyeipata. Maana Miura ni gari la joto, la kelele, na la gharama isiyokoma.

Hapa yafaa tulitazame gari jingine, kwa sababu bila hilo hili letu halieleweki. Mwaka 1970 Wallace aliunda Miura moja ya majaribio, nyepesi na kali, kwa kufuata Kiambatisho J cha kanuni za mashindano ya kimataifa. Ndiyo maana ikaitwa Jota, jina la herufi hiyo kwa Kihispania. Iliuzwa, na mwaka 1971 ikapata ajali karibu na mji wa Brescia, ikaungua. Gari likafa, sifa ikabaki. Wenye Miura kadha wa kadha wakakiendea kiwanda wakitaka magari yao yafanywe mfano wa lile lililoteketea.

Mmoja wa watu waliovutwa na sifa hiyo alikuwa Mjerumani aliyeinunua nambari 3781 mwaka 1974. Aliirudisha Sant'Agata, akaagiza igeuzwe. Zama hizo zilikuwa ngumu kwa kiwanda: bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu mwaka 1973, na Ferruccio mwenyewe alikuwa akijitoa, akiisha kuuza sehemu kubwa ya hisa zake mwaka 1972 na kuziuza zilizobaki mwaka 1974. Hata hivyo kazi ilifanyika, nayo ilichukua miezi 18. Bodi ilitanuliwa ili ipokee magurudumu mapana, na juu ya paa likawekwa bawa la kuikandamiza gari barabarani. Ile Miura ya kijani ya mwaka 1968 ikawa haipo tena. Mahali pake palisimama kitu cha pekee kilichoitwa SVR.

Mwaka 1976 gari liliuzwa tena, likavuka bahari hadi Japani. Lilifika kwa majira yake, kwani hadithi ya picha ya Satoshi Ikezawa iitwayo Circuit no Okami, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1975, ilikuwa imewatia vijana wa nchi hiyo shauku ya magari ya Kiitalia. SVR ikawa mashuhuri huko kuliko ilivyokuwa kwao. Watengenezaji wa vichezeo waliunda mifano yake midogo, na watoto ambao wasingeweza hata kuligusa gari lenyewe wakalishika viganjani.

Miaka mingi baadaye gari lilirejea Sant'Agata, safari hii kwa idara ya Polo Storico, iliyoanzishwa na kiwanda mwaka 2015 ili kutunza magari na kumbukumbu zake za kale. Lilifika vipandevipande. Sehemu zake zote zilikuwepo, lakini zilikuwa zimebadilishwa sana. Mafundi walikuwa na hati ya kiwanda ya mwaka 1968, na hati hiyo haikuwafaa sana, kwa kuwa ilieleza gari ambalo halikuwapo tena. Wakaiweka kando, wakafuata maelezo ya kazi ya mwaka 1974. Walifanya kazi miezi 19.

Wako watakaosema kuwa mafundi hao walikosea. Kwamba ukweli wa kitu ni asili yake, na kwamba hati ya kwanza ndiyo shahidi mkubwa. Hoja hii ina nguvu, lakini haimalizi shauri. Kama wangeirudisha rangi ya kijani na bodi ya kwanza, wangepata Miura moja zaidi katika mamia yaliyofanana nayo, nao wangeivunja SVR iliyokuwa peke yake duniani. Zaidi ya hayo, mabadiliko ya mwaka 1974 hayakufanywa na mgeni gizani. Yalifanywa kwa amri ya mwenye mali, katika kiwanda kilekile. Asili ni mlango wa historia, wala siyo nyumba nzima.

Lakini tusikubali kwa wepesi mno. Kuuchagua mwaka 1974 ni kumpa sauti mwenye gari mmoja na kuwanyamazisha wale wanane waliomtangulia, na hata waliomfuata. Zaidi ya hayo, kazi ya mafundi nayo imeacha alama ya zama zake: kwa ombi la mwenye gari waliongeza mikanda ya usalama yenye ncha nne, viti vyenye kumshika dereva vizuri zaidi, na upinde wa chuma wa kumlinda unaoweza kuondolewa. Gari linaloonekana leo si la 1968, wala si la 1974 tupu. Limebeba na muhuri wa 2018.

Wasomaji wa tenzi za kale wanalijua jambo hili. Utenzi ulionakiliwa na waandishi kadhaa kwa herufi za Kiarabu hutufikia katika hati zisizolingana, na mhariri hana budi kuchagua ipi aifuate. Hatumlaumu kwa kuchagua. Twamlaumu akificha kuwa amechagua. Kwa motokaa vivyo hivyo. Fundi mwaminifu huutangaza mwaka alioufuata, huandika alichokiondoa na alichokiongeza, na huhifadhi orodha ya wenyewe, pamoja na wale ambao alama zao amezifuta. Chuma na rangi vyaweza kufanywa vipya kila kizazi, lakini habari ikipotea hakuna karakana ya kuifufua.