Kutoka Jina la Kanga hadi Kaulimbiu: Sanaa ya Maandishi katika Tangazo la Kiswahili



Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Aghalabu methali hii huchukuliwa kuwa inayadharau matangazo. Lakini tuitazame fani yake: pande mbili zinazokabiliana, kina kimoja cha mwisho, na kiambishi -ji- kinachoifanya bidhaa ijitende yenyewe. Hata karipio dhidi ya tangazo limeundwa kwa ufundi wa tangazo.

Hoja yangu ni moja. Sanaa ya maandishi katika tangazo la Kiswahili haikudhoofika kwa sababu tangazo limekuwa fupi. Imedhoofika kwa sababu mara nyingi tangazo halitungwi tena kwa Kiswahili, hutafsiriwa.

Huko Marekani kilio ni kingine. Mwaka 1958 David Ogilvy aliliuza gari la Rolls-Royce kwa tangazo la maneno zaidi ya 600, na wanaomkumbuka husikitika kwamba picha imeyafukuza maneno. Kilio hicho hatuwezi kukiazima kilivyo, kwani maandishi yetu ya kibiashara yenye ufundi mkubwa yalikuwa mafupi tangu mwanzo. Nazungumzia jina la kanga.

Kanga ilienea katika mwambao wetu katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, mwenye alama ya "Mali ya Abdulla", hutajwa kuwa ndiye aliyeanzisha uchapaji wa misemo ya Kiswahili juu yake mwanzoni mwa karne ya 20. Misemo hiyo iliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hati za Kirumi. Tangu hapo mnunuzi huulizia jina kama anavyoulizia rangi. Mtunzi wa jina alikuwa na wasomaji wawili: anayenunua, na yule atakayevaliwa.

Tuchukue msemo wa aina ipendwayo kwenye kanga: "Mdhaniaye ndiye, siye." Ni maneno matatu tu, na -ye inarudi mara tatu bila kumtaja mtu. Jirani, wifi au mke mwenza, kila mmoja anaweza kujiona ndiye alengwaye, na mvaaji akakana. Msemo huo unauza kitambaa bila kukisifu. Ufundi huo hautokani na ufupi peke yake, bali na sarufi ya Kiswahili yenyewe.

Mabadiliko yalikuja na soko. Nchini Tanzania, sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo binafsi vya redio na televisheni; kisha zikaja kampuni za simu za mkononi. Matangazo yaliongezeka, na mengi yalibuniwa kwanza kwa Kiingereza. Alama zake ziko wazi. Kitenzi "furahia" kimebebeshwa mizigo isiyo yake: tunaambiwa tufurahie soda, tufurahie dakika za maongezi, hata tufurahie mkopo. Ni nani afurahiaye deni? Nayo "ofa kabambe" imerudiwa hata haina tena ukabambe.

Wapo wanaoilaumu lugha ya mitaani. Sikubaliani nao. Anayeandika msemo nyuma ya daladala au matatu anatunga, tena kwa mafumbo, na ni ndugu wa mtunzi wa kanga. Kosa haliko mtaani. Liko katika ofisi inayomkabidhi Mswahili sentensi iliyokwisha kufikiriwa kwingine, ikamtaka aibadilishe maneno tu.

Jambo hili si dogo. Wengi wa watu wetu husoma matangazo kila siku, na riwaya mara chache. Mtoto anayejifunza kusoma kwa mabango ya barabarani hujifunza pia, pasipo kuambiwa, kama lugha yake ni ya kufikiria au ya kufuata.

Kwa hiyo naziomba idara zetu zifundishe jina la kanga na tangazo la leo katika darasa moja, na wanafunzi wakusanye vyote viwili kabla havijapotea. Kwa wafanyabiashara nina ombi fupi zaidi: mpeni mtunzi bidhaa yenyewe, msimpe sentensi.